Chakula na Vinywaji kwenye Treni ya Kulala Kutoka Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wanaopandia Dodoma kwenda Tabora, Kigoma, Mwanza au Mpanda kwa treni ya kulala, na wale wanaorudi kutoka huko. Utaona jambo moja linajirudia kwenye majibu: ratiba inakuambia ufike stesheni saa ngapi, lakini haikuambii utakula mara ngapi kabla ya kushuka. Funga chakula kwa hesabu ya treni iliyochelewa. Ikiwahi, utashuka na chapati mbili za ziada na hakuna atakayekucheka.

Je, haya yanahusu pia treni ya SGR?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria Julai 2024, inatumia saa tatu na kitu hadi nne. Madirisha yake hayafunguki na vituo ni vichache, kwa hiyo muuzaji wa mayai hana pa kukufikia. Chupa ya maji na kitu kidogo cha kutafuna vinakutosha.

Hapa tunazungumzia reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914. Stesheni yake Dodoma ni ile ya katikati ya mji, karibu na Dodoma Hotel. Ukichukua bodaboda, mwambie dereva wazi ni stesheni ya zamani, maana siku hizi ukisema "stesheni" tu unaweza kupelekwa kwenye SGR, na ukashtukia uko mbali na treni yako huku ndoo ya chakula iko mapajani.

Nifunge milo mingapi?

Kutoka Dodoma hadi Kigoma ni karibu kilomita 800. Tabora ndiko njia inakogawanyika: wa Mwanza wanaelekea kaskazini, wa Kigoma na Mpanda wanaendelea magharibi hadi Kaliua, ambako wa Mpanda nao wanachepuka. Anayeshukia Tabora anaweza kumaliza safari bila kulala sana. Wengine wote wahesabu mchana na usiku, na pengine asubuhi ya pili.

Hesabu milo ambayo ratiba inakuonyesha, kisha ongeza miwili. Halafu usiviweke vyote kwenye chombo kimoja. Gawa vifurushi vitatu.

Cha kwanza ni cha kusubiria. Watu wengi husahau kwamba treni inayokuja Dodoma imeanzia Dar es Salaam, na lolote lililoikuta njiani utalipata wewe ukiwa umekaa kwenye benchi la stesheni. Wakati wa mvua hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata mto na kimeshasombwa na mafuriko mara nyingi. Mtu anafungua hotpoti yake saa ya tatu ya kusubiri, watoto wanakula, na treni ikifika chakula cha safari kimebaki mifupa. Kwa hiyo weka pembeni maandazi, karanga na maji kwa ajili ya benchi tu.

Cha pili ni mlo wa kwanza ndani ya treni, vyakula vinavyowahi kuharibika. Cha tatu ni akiba: vitu vikavu ambavyo huvigusi mpaka vya mwanzo viishe.

Naruhusiwa kuingia na chakula changu?

Ndiyo, na karibu kila mtu huingia nacho. Kisichoruhusiwa ni kupika. Usibebe jiko la mkaa, mtungi wa gesi wala mafuta ya taa, hata kama nia yako ni kuchemsha uji wa mtoto tu. Behewa la kulala lina magodoro, mapazia na njia nyembamba ya kupita mtu mmoja mmoja. Moto humo ndani hauna pa kukimbiwa.

Si kuna behewa la mgahawa? Kwa nini nijisumbue?

Lipo, na ni sehemu nzuri ya safari. Chai, wali, ugali, kuku, nyama, soda na bia hupatikana, na mara nyingi mhudumu hupita vyumbani kuchukua oda. Tatizo ni kwamba abiria ni wengi na jiko ni dogo. Mwenye kuagiza mapema anapata kuku; anayesubiri mpaka njaa imkabe anaambiwa umebaki wali na mchuzi. Treni ikichelewa sana, hata huo wali unaisha.

Ushauri wangu: agiza mlo mmoja wa moto kwa siku, uagize mapema, na yanayobaki yatoke kwenye kapu lako. Utakula vizuri, utatembea kidogo, na hutakuwa mateka wa jiko la mtu mwingine.

Ni vyakula gani vinavumilia safari?

Adui wa chakula cha njiani ni unyevu na joto la wastani. Chakula kikiwa cha moto kabisa, juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, vijidudu haviongezeki. Kikiwa cha baridi, chini ya nyuzi 5, vinakwenda polepole sana. Kati ya hapo ndiyo hatari, na hapo ndipo chumba cha treni kilipo mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Ukilichukua shauri hilo kwa uzito, utaona mara moja kwamba vyakula vyenye majimaji si vya kupanda navyo treni ya usiku, na kwamba nguvu yako iwe kwenye vikavu.

Chapati zinaongoza. Zipikwe zikauke vizuri, ziachwe zipoe zikiwa zimetandazwa, ndipo zifungwe kwenye kitambaa safi cha pamba. Zikifika kesho yake jioni bado zinalika. Ukizifunga zikiwa za moto ndani ya chombo cha plastiki, mvuke unageuka maji na asubuhi unakuta zimenata na zinanuka.

Maandazi nayo ni mazuri, lakini yawe ya maji au maziwa ya unga. Ya nazi ni matamu zaidi na ndiyo yanayowahi kuchacha. Vitumbua vina mchele na nazi pamoja, kwa hiyo viliwe kwenye benchi la stesheni na habari yake iishie hapo.

Mkate na siagi ya karanga ni mlo kamili usiohitaji friji. Karanga za kukaanga, korosho, kashata, ubuyu, biskuti, zabibu kavu: hivi vyote havina wasiwasi, na karanga za mkoa huu utazipata kwa bei nzuri Soko la Majengo. Viazi vitamu vilivyochemshwa na mihogo iliyokaangwa ikakauka ni vya siku ya kwanza. Ukitaka kitoweo cha akiba, kopo la samaki lenye kishikio cha kufungulia ni afadhali kuliko chochote ulichopika jana, ila likishafunguliwa limalizwe.

Kuku? Kila mtu anauliza kuku. Akaangwe mpaka akauke, asiwe na mchuzi wala mbogamboga za kumlainisha, apoe kabla ya kufungwa, na awe mlo wa kwanza. Kuku aliyepikwa jana usiku na kuliwa kesho asubuhi ndani ya treni ni kamari. Hayo hayo kwa nyama choma ya mbuzi iliyonunuliwa mnadani Msalato: tamu sana, lakini iliwe mapema.

Mlenda wetu, pamoja na mapenzi yote, haufai. Hauna chombo kinachoweza kuushika treni ikitikisika.

Na wali au pilau?

Hapa watu hubishana, kwa sababu pilau ina viungo na mafuta, nao wanaamini haiharibiki. Mchele unaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, mbegu zile zinaamka, zinaongezeka, na baadhi hutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haiondoki. Dalili ni kutapika au kuhara ndani ya saa chache, na choo cha treni si mahali pa kukutwa na hali hiyo.

Kwa hiyo pilau iwe ya saa za mwanzo. Wali wa nazi uache nyumbani. Hamu ya wali ikikushika usiku, nunua wa moto kwenye behewa la mgahawa.

Nikiweka kwenye hotpoti haitabaki salama?

Hotpoti huwadanganya wengi. Baada ya saa kadhaa chakula ndani yake si cha moto tena, ni vuguvugu, na kimefunikwa vizuri ili kiendelee kuwa vuguvugu. Ukitaka ikusaidie, imwagie maji yanayochemka kwanza, iache dakika kumi, mwaga, kisha weka chakula kinachotoka jikoni moja kwa moja, ijae mpaka juu. Ifungue mara moja tu, mle mmalize.

Njia ya pili ni deli la barafu. Gandisha chupa mbili tatu za maji usiku wa kuamkia safari, zipange chini na juu ya chakula. Zinapoza chakula, halafu zikiyeyuka unakunywa. Hii inafaa kwa familia. Mtu mmoja na deli kwenye chumba cha watu sita ni kero.

Stesheni za njiani wanauza nini?

Hapa ndipo raha ya reli hii ilipo, na ndiyo sababu sikushauri ujaze kapu mpaka lisifunge. Acha nafasi.

Ukitoka Dodoma unapita Kigwe, Bahi na Kintinku, nchi tambarare ya mpunga na majaruba. Baada ya hapo treni inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na mwendo unapungua. Saranda, Manyoni na Itigi ziko mkoa wa Singida, mkoa wa kuku wa kienyeji na alizeti. Akina mama huja na kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, chapati, viazi, ndizi, na asali kwenye chupa. Asali ya upande wa Itigi na Tabora inatoka kwenye misitu na ni kati ya inayosifika nchini. Ila chupa ya kuokoteza yenye kifuniko kilegevu ni hatari kwa nguo zako zote, kwa hiyo beba chupa yako tupu yenye mfuniko wa kukaza.

Sasa sikiliza vizuri: baada ya Itigi mpaka Tabora ni vichaka na misitu. Kazikazi, Kitaraka, Malongwe, Goweko, Igalula ni vituo vidogo, na ukivipita giza limeingia usitegemee mtu mwenye sahani. Akiba yako ndiyo ya kipande hiki. Asiyejua hununua soda tu Itigi akidhani mbele kuna kuku zaidi.

Tabora ni stesheni kubwa, treni hukaa kwa muda kwa sababu ya mabehewa ya kugawanywa, na kuna chai, maandazi, wali, karanga, na maembe msimu wake ukiwadia. Nunua hapo chakula cha moto na ujaze chupa ya chai. Mbele zaidi, kwenye njia ya Kigoma, utakutana na samaki upande wa Nguruka na Malagarasi, na Uvinza wanauza chumvi ya pale pale. Chumvi hiyo ilikuwa ikisafirishwa na misafara karne nyingi kabla ya reli, na bado ni zawadi ya maana kupeleka nyumbani.

Nitanunuaje dirishani bila kupoteza hela au kuachwa?

Uwe na noti ndogo na sarafu mfukoni tofauti na pochi. Uliza bei kabla hujashika kitu. Pokea chakula kwanza, ndipo utoe pesa kamili. Ukitoa noti ya elfu kumi kwa mayai mawili, chenji inaweza kuwa bado inatafutwa wakati treni imeshaondoka, na mara nyingi muuzaji hana nia mbaya hata kidogo.

Chagua kinachotoa moshi. Kuku wa moto kutoka kwenye sufuria ni salama kuliko aliyekaa kwenye beseni tangu treni ilipotarajiwa kufika, na kumbuka kwamba treni yako ikichelewa saa tano, chakula chao nacho kimesubiri saa tano. Yai nunua lenye ganda zima. Tunda chagua la kumenya mwenyewe: ndizi, chungwa, embe. Tikiti lililokatwa na kukaa wazi na inzi, liache.

Ukila kwa sahani ya mama lishe, mrudishie sahani yake. Nimeona mtu anaondoka na sahani ya bati huku mwenyewe anakimbia na behewa. Aibu.

Ukishuka, usivuke upande wa pili wa reli, na usitegemee honi ikusubiri.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita 3 kwa mtu mzima kwa mchana na usiku mmoja, na lita moja ya akiba. Kati ya Septemba na Novemba, joto la Dodoma likiwa kali na vumbi linaingia dirishani, hutaona ni mengi. Chupa kadhaa za lita moja na nusu ni bora kuliko dumu moja kubwa, kwa sababu hazichukui nafasi zikiisha na moja ikimwagika hujapoteza yote.

Maji ya bomba la choo au sinki la behewa, yakiwepo, ni ya kunawa. Usiyanywe na usisukutulie mdomo. Pia beba chupa ya zamani yenye maji ya kunawia na kipande cha sabuni, maana bomba la behewa linaweza kukauka kabla ya Manyoni.

Kuna wanaokataa kunywa maji ili wasiende chooni. Naielewa sababu, lakini kichwa kitauma na usingizi hautakuja. Kunywa kidogo kidogo mchana, punguza baada ya saa mbili usiku.

Chai, kahawa au uji?

Beba chupa ya chai, hasa Juni na Julai. Dodoma iko mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, Tabora vilevile, na usiku wa miezi hiyo unapenya hata dirisha likifungwa. Mimi hubeba maji ya moto matupu, kisha majani ya chai, kahawa na sukari pembeni. Chai ya maziwa ikikaa kwenye chupa usiku kucha hubadilika ladha na huchacha. Uji wa ulezi au mtama unakaa vizuri saa chache za mwanzo. Uwe mwepesi, mzito unaziba mdomo wa chupa.

Jaza kikombe nusu. Treni hii inatikisa, na mtu wa kitanda cha chini hajaomba kumwagiwa.

Vipi kuhusu pombe?

Bia zinauzwa kwenye behewa la mgahawa, na huko ndiko kwa kunywea. Chumba cha kulala kina watu waliolipa ili walale. Viroba vilipigwa marufuku nchini tangu 1 Machi 2017 na gongo ni haramu kisheria, usimkubalie anayekuuzia kwa siri kwenye kituo cha giza.

Mvinyo wa Dodoma ukiupeleka kama zawadi, usimamishe chupa kwenye rafu ya juu. Izungushie kanga, iingize katikati ya nguo kwenye begi, begi likae chini ya kitanda.

Tuko sita chumbani. Nikila peke yangu si uchoyo?

Vyumba vya daraja la pili kulala vina vitanda sita, na kama hamjakata chumba chote, wanaume na wanawake hupangwa mbali mbali. Mchana kitanda cha chini ndicho kiti cha wote, kwa hiyo utakula mbele ya macho ya watu watano. Desturi ni kukaribisha kabla hujaanza: "Karibuni chakula." Wengi watajibu "Ahsante, endelea tu" au "Starehe," na hapo umetimiza wajibu. Atakayesogea, mkatie. Ndiyo maana nasema ongeza milo miwili kwenye hesabu.

Upande wa pili, chakula kilichofunguliwa au kinywaji kilichomiminwa na mtu usiyemjua, kikataliwe kwa adabu. Wapo wasafiri waliowekewa dawa za usingizi wakaamka bila mizigo. "Ahsante mama, nimeshiba kabisa" haimuudhi mtu mwema. Chungwa zima au yai lenye ganda, pokea ufurahi.

Kuhusu harufu na imani za watu: kitimoto usiifungue chumbani kabla hujajua umekaa na nani, na hata ukijua, pengine iache tu. Dagaa na samaki wakavu wakae wamefungwa. Fenesi lililoiva litajulikana behewa zima, na baada ya hapo wewe ndiye "yule mwenye fenesi" mpaka Kigoma.

Ninasafiri na mtoto mchanga.

Anayenyonya hana shida ya chakula; mama yake ndiye ale na anywe vya kutosha. Anayetumia maziwa ya kopo, beba maji yaliyochemka kwenye chupa nzuri ya chai, maana yanatakiwa yawe na joto lisilopungua nyuzi 70 wakati wa kukoroga, kisha uyapoze kabla ya kumpa. Koroga ya mlo mmoja tu; yakikaa zaidi ya saa mbili, mwaga. Pima unga nyumbani kwenye vikopo vidogo vikavu ili usihangaike na kijiko gizani. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa yenye chuchu.

Wa mwaka mmoja na kuendelea: ndizi, chapati, viazi, na biskuti chache. Soda na pipi nyingi zitampa kiu na kelele, na mtailipa wote usiku.

Ni mwezi wa Ramadhani. Nifuturu saa ngapi?

Msafiri ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Anayeamua kufunga akumbuke anakwenda magharibi: jua linazama Kigoma takriban dakika 24 baada ya kuzama Dodoma. Ukifuata kalenda ya msikiti wa Dodoma huku treni ikiwa Uvinza, utafuturu jua bado lipo. Angalia jua lenyewe au kalenda ya mji uliokaribia. Ukirudi mashariki ni kinyume chake, na hapo wa kuangaliwa ni muda wa daku, kwani alfajiri inakuwahi.

Tende, maji na chapati zitoshe kufuturu. Uji na mlo mzito vifuate. Daku ifungwe peke yake, iwe karibu na mto wako, ili usipekue mifuko na kuwaamsha wenzako saa kumi usiku.

Nina kisukari.

Beba chakula chako na dawa zako kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye begi la chini. Hesabu milo ya kuchelewa kabla ya kitu kingine chochote. Insulini isiguse barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika; izungushie taulo ndani ya kopo, mbali na dirisha la jua. Sukari ikishuka, vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, kisha kitu cha kushibisha. Mwambie mmoja wa wenzako chumbani.

Tumbo likiharibika njiani?

Pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, hazina uzito, weka mbili. Usipokuwa nazo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa polepole. Ukiona damu, homa kali au mtoto analegea, mwambie mhudumu wa behewa mapema ili ushuke kwenye mji wenye hospitali, kama Manyoni au Tabora, badala ya kuvumilia mpaka katikati ya pori.

Nifungie kwenye nini?

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitafute. Kapu la ukili lenye mfuniko linapumua na halivunjiki. Ndoo ndogo yenye mfuniko hulinda chakula dhidi ya kukandamizwa na panya, na baadaye ni kiti cha dharura. Ongeza kisu kidogo, kijiko, kikombe, kitambaa cha kufutia, na mfuko mbadala wa takataka.

Takataka nizitupe dirishani?

Hapana. Chupa iliyorushwa kutoka kwenye treni inampiga mtu kama jiwe, na kando ya reli hii watoto hukimbilia treni wakiomba chupa tupu. Wakabidhi mkononi treni ikiwa imesimama. Maganda na mifupa viwe kwenye mfuko wako mpaka stesheni kubwa.

Nikirudi naweza kubeba dagaa, migebuka na mawese?

Naam, na usipobeba utaulizwa nyumbani. Mawese yawe kwenye dumu lisilojaa mpaka shingoni, kwa sababu yanapanuka kwa joto. Kaza mfuniko, kisha simamisha dumu ndani ya ndoo. Dagaa wawe wakavu kweli, wenye unyevu wataota ukungu kabla ya Bahi. Gunia zima likapimwe na kuandikishwa liende kwenye behewa la mizigo, na risiti uitunze pamoja na tiketi. Wa kula wiki ya kwanza, kilo moja au mbili, funga tabaka tatu za gazeti na kitambaa, weka chini ya kitanda upande wa mlango, ambako hewa inapita.